‘Mogambo’: Filamu yenye jina la Kiswahili wasilolijua Waswahili

KATIKA ufuko wa Matema, kona ya kaskazini mashariki mwa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mtu anayetaka kutazama filamu haendi kwenye jumba la sinema. Huwasha deki nyumbani kwake, au huingia katika kibanda cha video, akalipa kiingilio na kukaa kwenye benchi pamoja na wenzake. Kwa mtazamaji wa namna hiyo, filamu huzaliwa siku inapotolewa kwa matumizi ya nyumbani, iwe kwa kanda, kwa diski au kwa njia ya intaneti. Kabla ya siku hiyo, kwake ni habari ya kusikia tu.

Mwaka 2006, kampuni ya Warner ya Marekani ilitoa kasha la DVD lenye filamu sita za mwigizaji Clark Gable. Moja kati ya hizo ni Mogambo, iliyotengenezwa na kampuni ya MGM chini ya mwongozaji John Ford na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa Tanganyika. Wahaya wametajwa katika orodha ya washiriki wake. Na jina lake, kwa miaka mingi, limeelezwa kwa watazamaji wa Ulaya na Marekani kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali.

Mswahili anayelisoma jina hilo kwenye kava hana budi kusita. Neno hilo halimo katika kamusi, na wala halimo vinywani mwa watu. Hapo ndipo lilipo jambo linaloifanya filamu hii ya zamani istahili kuelezwa upya: imepita zaidi ya nusu karne tangu itengenezwe kwa ardhi, sura na sauti za Afrika Mashariki, lakini watu wa Afrika Mashariki ndio waliochelewa kuliko wote kupewa nafasi ya kuitazama kwa utulivu na kuijibu.

Ilianzia jukwaani

Chimbuko la Mogambo si Afrika. Ni tamthilia iitwayo Red Dust, iliyoandikwa na Mmarekani Wilson Collison na kuchezwa jukwaani jijini New York mwaka 1928. Tamthilia hiyo haikudumu. Iliondolewa jukwaani baada ya maonyesho machache tu.

Collison alikuwa fundi wa futuhi za chumbani, zile ambazo wahusika hujificha nyuma ya milango na chini ya vitanda ili wasifumaniwe. Mwaka 1919, akishirikiana na Otto Harbach, aliandika Up in Mabel’s Room, mchezo wa kuchekesha uliokuja kutengenezwa filamu zaidi ya mara moja. Mwaka 1921, safari hii pamoja na Avery Hopwood, aliandika Getting Gertie’s Garter, ambao nao uliishia kwenye sinema. Aliijua vema hesabu ya fumanizi: mwanamume mmoja, wanawake wawili, mume asiyejua kinachoendelea, na mahali pasipo na pa kukimbilia.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Red Dust. Mwaka 1932, MGM waliigeuza kuwa filamu chini ya mwongozaji Victor Fleming. Clark Gable aliigiza kama msimamizi wa shamba la mpira huko Indochina, Jean Harlow akawa mwanamke wa mjini mwenye ulimi mkali, na Mary Astor akawa mke wa mhandisi kijana aliyefika shambani kuanza kazi. Indochina yote hiyo ilijengwa ndani ya studio Hollywood. Mwaka 2006, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hiyo katika orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.

Miaka 21 baada ya Red Dust, kampuni ileile ilirudia kisa kilekile, kwa kalamu ya mwandishi yuleyule wa mswada, John Lee Mahin, na kwa mwigizaji mkuu yuleyule. Gable, aliyekuwa kijana wa miaka 31 katika filamu ya kwanza, sasa alikuwa na miaka zaidi ya 50. Shamba la mpira likawa kambi ya mtega wanyama nchini Kenya. Nafasi ya Harlow ilichukuliwa na Ava Gardner, na ile ya Astor ikachukuliwa na Grace Kelly.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Victor Marswell hukamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama za ng’ambo. Kambini kwake anafika Eloise Kelly, mwanamke aliyealikwa na tajiri mmoja ambaye tayari amekwisha kuondoka. Marswell na Kelly wanazoeana. Kisha wanafika Donald Nordley, mtafiti wa masokwe kutoka Uingereza, na mkewe Linda. Marswell anampenda Linda. Mume haoni kitu. Kelly anaona kila kitu, na hanyamazi.

Kicheko na risasi

Wapo wanaoiita Mogambo filamu ya safari za porini, na wapo wanaoiita filamu ya mapenzi. Zote mbili ni kweli. Hata hivyo, injini yake ni ya futuhi, na injini hiyo ni Ava Gardner. Yeye ndiye anayesukumwa matopeni na mtoto wa tembo, na ndiye anayeipasua heshima ya uongo ya kambi ile kila inapojaribu kujishona. Utani wake si wa kupita njia. Ni silaha ya mwanamke anayedharauliwa na kila mtu mezani, naye akijua kwamba ana akili kuliko wote.

Mwishoni mchezo unageuka. Linda, akiwa amevunjika moyo, anamfyatulia Marswell risasi na kumjeruhi. Mumewe anapoingia mbio, ni Kelly anayetunga uongo wa papo hapo: Marswell alimtaka mke wa mtu, na mke huyo mwaminifu akajitetea. Ndoa inaokolewa kwa uongo wa mwanamke ambaye jamii ile haimhesabu kuwa na maadili. Huo ni ufundi wa jukwaa, na haukubadilika kutoka filamu ya 1932 hadi ya 1953.

Gardner aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi hiyo, na Grace Kelly akateuliwa kwa nafasi ya mwigizaji msaidizi. Kelly alitwaa tuzo ya Golden Globe. Miaka mitatu baada ya filamu kutoka, aliolewa na mtawala wa Monaco na kuacha uigizaji.

Walipopita Kagera

Tofauti kubwa kati ya filamu hizo mbili ni kwamba safari ya pili MGM walitoka studio. Mtayarishaji Sam Zimbalist alikuwa amekwisha kuonja mafanikio ya kupiga picha Afrika kupitia King Solomon’s Mines ya mwaka 1950, iliyompatia mpiga picha Robert Surtees tuzo ya Oscar. Surtees huyohuyo aliitwa tena kwa kazi ya Mogambo, huku msafara ukiongozwa na mwindaji wa Kenya, Bunny Allen.

Kazi ilianza mwishoni mwa mwaka 1952. Oktoba 20 mwaka huo, serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa imetangaza hali ya hatari kutokana na vuguvugu la Mau Mau. Wakati Wakikuyu wakikamatwa na kupelekwa vizuizini, kikosi cha Hollywood kilikuwa kikipiga picha za nchi tulivu yenye wanyama wengi. Hakuna kivuli cha mapambano hayo ndani ya filamu.

Upande wa Tanganyika, kambi kubwa iliwekwa kando ya Mto Kagera. Picha nyingine zilipigwa Kenya, Uganda na katika nchi za Kongo, na sehemu za ndani zikamalizikia studio za MGM nchini Uingereza. Filamu haina muziki wa okestra kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood wakati ule. Nyimbo na ngoma zinazosikika ni za Waafrika wenyewe, na hiyo ni moja ya sababu za kuitazama hadi leo.

Katika orodha ya washiriki, filamu inatoa shukrani kwa makabila manne: Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji, na Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Wafaransa. Kwa mwaka 1953 hilo halikuwa jambo dogo. Lakini orodha hiyohiyo inawataja Wazungu kwa majina yao mmoja mmoja, hadi wenye nafasi ndogo. Mpiga kasia wa Kigenia anayepambana na maji, au Mhaya anayepita mbele ya kamera, ametajwa kwa kabila lake tu.

Kitendawili cha jina

Hivi Mogambo maana yake nini? Kwa upande wa Kiswahili jibu ni fupi: hakuna. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya mapenzi makali. Kina shauku, ashiki, huba, mahaba, hamu na nyonda. Mtu aliyetaka jina la Kiswahili kwa kisa cha fumanizi angeweza kuokota lolote kati ya hayo.

Neno lililo karibu zaidi kwa sauti ni mgambo, na hapo ndipo kichekesho kinapokamilika. Maana yake ya zamani ni tangazo la hadhara, lile lililotanguliwa na mlio wa pembe ili watu wakusanyike. Ndiyo asili ya methali isemayo mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika Tanzania ya baada ya uhuru, neno hilo likapewa askari wa akiba. Mkazi wa Dar es Salaam au Mbeya akisikia mgambo, hafikirii mapenzi. Anamfikiria machinga aliyebeba bidhaa zake kichwani akikimbia.

Kwa Wahaya, walioshiriki katika filamu hiyo, na kwa jirani zao wa Uganda, sauti ya jina hilo inaweza kukumbusha kitenzi cha kusema, kugamba, na nomino yake ya neno, ekigambo. Hapo pia hakuna mapenzi. Simulizi inayorudiwa mara nyingi katika historia ya Hollywood inasema jina lilitokana na Mocambo, klabu ya usiku iliyokuwa maarufu huko kwa wacheza sinema, ikabadilishwa herufi moja tu ili isikike Kiafrika. Ikiwa ndivyo, basi ‘Kiswahili’ hicho kilizaliwa California.

Kwa wapenzi wa filamu za Kihindi, ambao ni wengi katika miji ya Afrika Mashariki, Mogambo ni mtu mwingine kabisa: yule adui mkuu wa filamu ya Mr. India ya mwaka 1987, aliyeigizwa na Amrish Puri. Si ajabu kava la filamu ya John Ford likanunuliwa kwa makosa, na mnunuzi akamsubiri Amrish Puri hadi mwisho bila kumwona.

Walichofanya Wahispania

Anayedhani suala la maneno katika filamu ni dogo, na asikie yaliyotokea Hispania. Chini ya utawala wa Jenerali Franco, filamu za kigeni zilikuwa zikiingizwa sauti za Kihispania na kupitiwa na wakaguzi. Wakaguzi hawakutaka wananchi waone mke wa mtu akipendana na mwanamume mwingine. Kwa hiyo, katika sauti za Kihispania, Donald na Linda Nordley hawakuwa tena mume na mke. Waligeuzwa kaka na dada.

Matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko dhambi iliyofichwa. Picha zilibaki zilezile. Watazamaji waliwaona ‘kaka’ na ‘dada’ wakiishi hema moja kwa mapenzi ya watu waliooana. Serikali iliyotaka kuficha uzinzi ikajikuta imewaonyesha raia wake jambo zito zaidi. Kisa hicho hutajwa hadi leo kila inapozungumziwa hatari ya kuchezea tafsiri.

Funzo lake ni la wazi. Anayeshika maneno ya filamu ndiye anayeamua ni filamu gani watu wataiona, hata kama hajagusa picha hata moja.

Diski inavyofika nyumbani

Mtazamaji anaweza kujiuliza kwa nini filamu ya MGM inauzwa na Warner. Mwaka 1986, tajiri Ted Turner alinunua hazina ya filamu za zamani za MGM. Miaka kumi baadaye, kampuni yake iliungana na Time Warner, na hazina hiyo ikahamia huko. Kwa sheria ya Marekani, filamu za miaka hiyo ambazo haki zake zilihuishwa hulindwa kwa miaka 95. Kwa hesabu hiyo, Red Dust ya 1932 itakuwa mali ya umma nchini humo mwaka 2028, na Mogambo mwaka 2049.

Kuna kizuizi kingine kisichoonekana kwa macho. DVD ziligawanywa kwa kanda za dunia. Marekani na Kanada ni kanda ya kwanza. Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini ni kanda ya pili. Tanzania, Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya tano, pamoja na India na Urusi. Diski iliyofungiwa kanda ya kwanza haitakiwi kusoma katika deki ya kanda ya tano. Kilichowaokoa watazamaji wengi wa Afrika Mashariki ni deki za bei nafuu kutoka China, ambazo nyingi husoma diski za kanda zote bila kuuliza.

Kabla ya DVD kuenea, soko la Tanzania lilitawaliwa na kanda za VHS, kisha VCD. Diski moja ya VCD hubeba takriban saa moja na robo ya picha. Filamu ya karibu saa mbili kama Mogambo ingehitaji diski mbili. Hiyo pia ni moja ya sababu za filamu nyingi za Kitanzania za miaka ya 2000 kuuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili: mtazamaji aliizoea filamu iliyokatika katikati.

Jambo jingine ni umbo la picha. Mogambo ilipigwa kabla ya picha pana kushika soko, mwaka uleule ambao Hollywood ilizindua mfumo wa CinemaScope. Picha yake inakaribia mraba. Katika runinga za leo, inatakiwa kuonekana ikiwa na mistari mieusi pande zote mbili. Anayebonyeza rimoti ili picha ijaze kioo chote huwanenepesha Gable na tembo kwa pamoja. Mistari ile si ubovu wa diski.

Kwa upande wa sheria, Tanzania iliziweka filamu na jukwaa chini ya paa moja kupitia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976. Sheria hiyo huweka masharti kwa maonyesho ya hadhara. Kutazama na familia sebuleni ni jambo moja. Kutoza kiingilio kibandani ni jambo jingine, linalohitaji kibali na kuheshimu haki za mwenye kazi.

Kiswahili kilichokosekana

Pamoja na hayo yote, mnunuzi wa Matema aliyefanikiwa kuipata diski, akawa na deki inayoisoma na umeme usiokatika, anakutana na ukuta wa mwisho. Filamu iliyotangazwa kuwa na jina la Kiswahili haina tafsiri ya Kiswahili, si kwa sauti wala kwa maandishi chini ya picha.

Pengo hilo si geni, na wala watazamaji hawakukaa wakilisubiri lizibwe na Hollywood. Katika vibanda vya video nchini Tanzania, walizuka watafsiri waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili papo hapo, mashuhuri kati yao akiwa Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Baadaye simulizi zao zilirekodiwa na kuuzwa. Uganda wana wasimulizi wao, na Kenya vilevile. Watafsiri hao hawakufuata maneno ya filamu moja baada ya jingine. Walieleza desturi ngeni, waliwapa wahusika tabia zinazofahamika mtaani, na walimcheka staringi alipostahili kuchekwa.

Tofauti kati yao na wakaguzi wa Hispania ni kubwa. Wakaguzi walibadili maneno ili kuwaficha watu kitu. Wasimulizi wa vibandani walibadili maneno ili watu wafikiwe na kitu. Hata hivyo, kazi ya wasimulizi ilifanyika pembeni mwa sheria ya hakimiliki, na kwa hiyo haikuweza kuingia katika makasha rasmi. Mwenye haki hakutoa tafsiri, na mwenye tafsiri hakuwa na haki.

Filamu ya Mogambo ingemfaa sana msimulizi wa aina hiyo. Utani wa Kelly unaelewa Kiswahili kuliko mtu anavyoweza kutarajia: ni utani wa mwanamke wa mjini aliyekwisha kuona mengi, asiyeogopa bwana mwenye kambi, anayejua kumsuta mtu bila kumtaja. Mipasho ya namna hiyo ina wenyewe katika pwani yote ya Afrika Mashariki, tangu Lamu hadi Kilwa.

Picha zinapoondoka

Umbali wa mwendo mfupi kutoka Matema, kwa mtumbwi au kwa miguu kando ya ziwa, kipo kijiji cha Ikombe. Wanawake wa Kikisi wa huko hufinyanga vyungu vinavyouzwa katika soko la Lyulilo na kusafirishwa mbali. Wageni wanaofika kustarehe ufukweni, chini ya Milima ya Livingstone, huwapiga picha mikono yao ikiwa kwenye udongo. Picha hizo huondoka na wageni. Wachache sana kati ya waliopigwa wamewahi kuziona, na ni nadra maelezo yake kumtaja mfinyanzi kwa jina. Huandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kikisi.

Ni jambo lilelile lililowapata Wahaya kando ya Kagera mwaka 1952. Tofauti ni kwamba picha za Kagera sasa zinaweza kurudi. Diski humwezesha mtazamaji kusimamisha picha, kurudisha nyuma, kuangalia sura ya mpita njia, kusikiliza ngoma hadi mwisho, na pengine mzee mmoja mkoani Kagera akamtambua babu yake. Jumba la sinema la 1953 halikutoa nafasi hiyo. Picha ilipita na taa zikawashwa.

Kwa hiyo, anayeinunua Mogambo leo anunue akijua anachokipata: kichekesho kizuri cha jukwaani kilichovalishwa nguo za safari, Ava Gardner akiwa katika ubora wake, na nchi halisi iliyopewa jina la uongo. Jina hilo haliwezi tena kubadilishwa. Kinachoweza kuongezwa ni Kiswahili chenyewe chini ya picha, na majina ya watu ambao hadi leo wametajwa kwa kabila tu.